Tochi na Betri Zake

Mtu anunuaye tochi dukani huulizwa swali moja kabla ya kulipa: je, wataka na betri? Akiwa anakaa karibu na duka, swali hilo ni dogo, maana aweza kurudi kesho. Akiwa anakaa mbali, swali hilo ni kubwa kuliko tochi yenyewe, kwa sababu tochi isiyo na betri usiku wa giza ni kipande cha bati tu. Mwenye duka naye ana hesabu yake. Akitia betri ndani ya kila tochi, mzigo wake huwa mzito. Tena betri iliyokaa muda mrefu huvuja, ikala chuma, ikaharibu tochi iliyokuwa nzima. Hivyo, jambo lililo faida kwa mnunuzi wa mbali laweza kuwa hasara kwa mwenye duka, na uangalifu wa mwenye duka waweza kuwa giza kwa mnunuzi wa mbali.

Shauri la namna hii limewashughulisha watungaji wa lugha za kompyuta kwa miaka zaidi ya 60. Wengi hudhani kwamba historia ya kompyuta ni habari za mitambo na umeme peke yake. Kwa kweli, sehemu kubwa ya historia hiyo ni habari za watu walioketi pamoja wakabishana juu ya nini kitolewe, nini kizuiwe, na nani atabeba mzigo wa kilichotolewa.

Yafaa kwanza tueleze maana ya lugha hizo. Kompyuta haifahamu maneno ya binadamu kama tunavyoyasema. Lugha ya programu ni utaratibu wa maneno na alama ambao mtu huutumia kuipa kompyuta maagizo, hatua kwa hatua. Walakini lugha peke yake haitoshi, kama vile ufundi wa seremala usivyotosha bila msumeno na randa. Mwandishi wa programu huhitaji vyombo: chombo cha kusoma faili, chombo cha kuhesabu tarehe, chombo cha kupeleka ujumbe kwenye mtandao. Vyombo hivi huandikwa mara moja na fundi mmoja, kisha maelfu ya watu huvitumia bila kuviandika upya. Swali ni hili: vyombo vipi vifungwe pamoja na lugha, na vipi viachwe nje ili kila mtu ajitafutie?

Mwaka wa 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha iitwayo FORTRAN, iliyotungwa na kikundi kilichoongozwa na John Backus. Ndani yake zilikuwamo amri za kusoma tarakimu kutoka katika kadi na amri za kuchapa majibu. Januari 1960 wataalamu 13 kutoka Ulaya na Marekani walikutana mjini Paris, Backus mwenyewe akiwa miongoni mwao, wakatunga lugha nyingine, ALGOL 60. Ripoti yake ilihaririwa na Peter Naur wa Denmark. Wasomi waliisifu kwa unadhifu wake, na lugha nyingi zilizokuja baadaye ziliiga mpango wake. Lakini katika ripoti hiyo yote hapakuwa na amri hata moja ya kusoma kitu wala ya kuandika jibu. Lugha iliweza kufanya hesabu ngumu, isiweze kumwambia mtu matokeo yake.

Kosa hili halikutokana na usahaulifu. Kompyuta za siku zile zilitofautiana sana: moja ilisoma kadi, nyingine ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Watungaji waliona ni heri kuacha jambo hilo mikononi mwa kila mwenye mtambo. Basi kila mwenye mtambo akatunga amri zake mwenyewe, na programu iliyoandikwa kwa mtambo mmoja haikuweza kufanya kazi katika mtambo mwingine mpaka sehemu hizo ziandikwe upya. Mwaka wa 1964 mapendekezo ya kuziba pengo hilo yalitolewa, lakini wakati huo kila nyumba ilikuwa imekwisha kuzoea desturi yake. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Baada ya miaka michache, Dennis Ritchie wa maabara za Bell alitunga lugha ya C, akafuata njia ya katikati. Lugha yenyewe aliifanya ndogo. Amri za kusoma na kuandika aliziweka nje ya lugha, lakini zikawekwa katika maktaba iliyofuatana nayo. Mwaka wa 1989 kanuni rasmi ya Marekani iliitambua maktaba hiyo kuwa sehemu ya mapatano. Tangu hapo ikawa desturi kwamba lugha huwa na mambo mawili: sarufi yake, na mfuko wa vyombo uendao nayo. Ubishi ukahamia kwenye mfuko. Je, uwe mkubwa kiasi gani?

Hakuna lugha iliyojibu swali hili kwa ukarimu mkubwa kuliko Python. Mtungaji wake, Mholanzi Guido van Rossum, aliianza wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka wa 1989, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya hisabati na kompyuta ya CWI mjini Amsterdam. Toleo la kwanza alilitoa hadharani Februari 1991. Kwa kadiri miaka ilivyopita, mfuko wake ulijaa. Wafuasi wa lugha hii walikuwa na msemo wao, kwamba Python huja na betri zake ndani. Msemo huu ulikwisha kuandikwa katika hati zao kufikia mwaka wa 2000, na maana yake ilikuwa wazi: aliyeipata Python amepata na vyombo vya kuanzia kazi, bila kulazimika kupakua kingine. Mwaka wa 2006, katika toleo la 2.5, iliongezwa hazina ndogo ya kumbukumbu iitwayo SQLite, na mwaka wa 2008, katika toleo la 2.6, chombo cha kusoma na kuandika data za namna ya JSON.

Ukarimu huo ulikuwa na maana kubwa katika siku ambazo mtandao ulikuwa haba na wa polepole, na una maana hata leo. Fikiria chumba cha kompyuta katika shule ambayo mtandao hukatika, au ambayo vifurushi vya data hununuliwa kwa kubana matumizi. Mwalimu ataleta faili moja katika kijiti cha kumbukumbu, ataisakinisha katika kila kompyuta, na mwanafunzi ataweza kuandika programu ya kuhesabu alama za darasa, kuzihifadhi katika SQLite, na kuonyesha majibu katika dirisha kwenye kioo, bila kugusa mtandao hata mara moja. Kwa mwanafunzi huyo betri zilizomo ndani si anasa. Ndizo tochi yenyewe.

Lakini kila kitu kina upande wa pili. Chombo kilichotiwa mfukoni hutembea kwa mwendo wa mfuko. Mtungaji wa chombo kilicho huru akigundua kasoro leo, aweza kutoa toleo jipya kesho. Kikiwa ndani ya mfuko, hungoja toleo la lugha nzima. Jambo hili lilionekana wazi katika toleo la 2.7, lililotoka mwaka wa 2010. Kwa mujibu wa sheria ya mafundi wenyewe, toleo lililokwisha kutoka hutengenezwa makosa tu, halitiwi vyombo vipya. Kufikia mwaka wa 2014 vyombo vyake vya kulinda siri kwenye mtandao vilikuwa vimechakaa, ilhali watu wengi sana walikuwa bado wanalitumia. Mafundi walilazimika kuipa sheria yao ruhusa ya pekee, na Desemba 2014 toleo la 2.7.9 likatoka na vyombo vipya vya ulinzi. Betri ilikuwa imeanza kuvuja ndani ya tochi.

Mfano wa pili ni chombo kilichoitwa distutils. Kilitiwa katika mfuko mwaka wa 2000 ili kuwasaidia watu kufunga programu zao na kuzisakinisha katika kompyuta za wengine. Kilikuwa na upungufu: hakikuweza kwenda kutafuta vyombo vingine ambavyo programu ilivihitaji, wala hakikuweza kuondoa kilichokwisha kusakinishwa. Kwa nini basi hakikutengenezwa? Kwa sababu watu wengi walikuwa wamekwisha kujenga kazi zao juu yake, wakazoea hata makosa yake. Aliyejaribu kurekebisha kosa moja alivunja nyumba za watu kumi. Ilitungwa kazi mpya ya kushika mahali pake, ikakusudiwa kuingizwa katika toleo la 3.3, lakini mwaka wa 2012 ikaondolewa kabla toleo hilo halijatoka, kwa kuwa haikuwa tayari. Chombo cha zamani kikabaki, hakipendwi wala hakiondoki.

Wakati huohuo soko kubwa lilikuwa limekwisha kufunguliwa nje ya mfuko. Tangu mwaka wa 2003 palikuwa na ghala kwenye mtandao, PyPI, ambapo mtu yeyote aliweza kuweka chombo alichokitunga ili wengine wakichukue bure. Mwaka wa 2008 Ian Bicking alitoa chombo kiitwacho pip, ambacho kazi yake ni kwenda katika ghala hilo, kuchukua kinachotakiwa pamoja na vyote kinavyovitegemea, na kuvisakinisha. Chombo hiki kilipendwa mno. Walakini pip yenyewe haikuwamo mfukoni. Mwanafunzi aliyeambiwa asakinishe chombo fulani kwa pip alilazimika kwanza kusakinisha pip, na njia ya kufanya hivyo ilitofautiana kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wengi walikata tamaa hapo mlangoni kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa programu. Ilikuwa kama nyumba ambayo ufunguo wake umefungiwa ndani.

Mwaka wa 2013 mafundi wa Python waliamua kulimaliza jambo hili. Pendekezo la kwanza lilitoka kwa Richard Jones. Alisema Python ije na programu ndogo tu, ambayo mtu akiiita kwa mara ya kwanza itakwenda kwenye mtandao kuileta pip yenyewe. Mfuko ungebaki mwepesi. Lakini pendekezo hilo lilimdhania kila mtu kuwa ana mtandao saa ile anapouhitaji, na mwishowe halikukubaliwa. Pendekezo la pili lililetwa na Donald Stufft na Nick Coghlan. Walitaka Python ibebe ndani yake nakala kamili ya pip, ili isakinishwe pamoja na lugha hata mahali pasipo na mtandao. Uamuzi ulikabidhiwa kwa Martin von Löwis, naye akalikubali Oktoba mwaka huohuo. Tarehe 16 Machi 2014 toleo la 3.4 likatoka na pip ndani yake.

Hekima ya uamuzi huu haikuwa katika kukubali tu, ilikuwa katika namna ya kukubali. Pip ilibebwa katika mfuko, lakini haikufanywa kuwa sehemu ya maktaba ya msingi. Wenye pip walibaki na uhuru wa kutoa matoleo mapya kwa wakati wao wenyewe, na mtumiaji aliyekuwa na mtandao aliweza kuibadili nakala ya zamani kwa mpya mara moja. Mgeni alipewa ufunguo, na mhunzi hakufungwa mikono. Kosa la distutils halikurudiwa.

Palikuwa na watu wenye malalamiko, nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Mifumo ya Linux, kama vile Debian, ina mtunza ghala wake yenyewe, ambaye huandika kila programu iliyomo katika kompyuta na mahali ilipowekwa. Pip ni mtunza ghala wa pili. Watunzaji wawili wakishika ghala moja, kila mmoja na daftari lake, hesabu haikosi kuharibika. Kwa hiyo uamuzi uliwapa wenye mifumo hiyo ruhusa ya kuitenga pip katika furushi lake, huku wakiombwa kumweleza mtumiaji namna ya kuipata. Debian waliitumia ruhusa hiyo. Hapa twaona kwamba uamuzi mwema si lazima uwe na sura moja kila mahali.

Baada ya kufanikiwa hivyo, je, mafundi walitia mfukoni kila kilichopendwa? La. Mwaka wa 2015, mjini Montreal, walijadili chombo kiitwacho Requests, kinachotumika kuzungumza na tovuti. Kilipendwa kuliko chombo cha namna hiyo kilichokuwamo mfukoni. Walakini waliona kwamba mambo ya usalama wa mtandao hubadilika upesi, na chombo hicho kingeumia kikifungwa katika ratiba ya lugha nzima. Kiliachwa nje, na maelezo rasmi ya Python yakamwelekeza msomaji huko. Kumpenda mtu si lazima umfungie nyumbani.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuondoa. Mei 2019, katika mkutano wa mafundi wa Python mjini Cleveland, Amber Brown aliwaambia wenzake waziwazi kwamba betri walizojivunia zilikuwa zinavuja. Mwezi huohuo Christian Heimes alitoa pendekezo la kuondoa betri zilizokufa, na Brett Cannon akashirikiana naye kulifikisha mwisho. Lilikubaliwa Machi 2022. Toleo la 3.11 la Oktoba 2022 likaanza kutoa onyo, na katika toleo la 3.13 la Oktoba 2024 vyombo 19 vikaondoka. Miongoni mwake vilikuwamo vya kusoma mafaili ya sauti ya namna za zamani, vya mitambo ya mawasiliano iliyopitwa na wakati, na kiitwacho cgi, kilichotumika zamani kuendesha tovuti ndogondogo. Distutils nayo ilikuwa imekwisha kwenda zake katika toleo la 3.12, Oktoba 2023, baada ya miaka 23 mfukoni.

Je, walitenda haki? Vyombo hivyo vilikuwa na walezi wachache au hawakuwa na mlezi kabisa, na aghalabu walezi hao walifanya kazi bila malipo. Kuwaambia watu waendelee kukilinda chombo ambacho hata wao wenyewe hawakitumii ni kuwatwika mzigo usio na mwisho. Lakini tusisahau upande wa pili. Mahali fulani pana programu iliyoandikwa miaka mingi iliyopita na mtu aliyekwisha kuondoka, nayo hufanya kazi yake kimya kimya kila siku. Siku kompyuta itakapowekewa Python mpya, programu hiyo itakataa kuamka, na aliyebaki nayo hajui kwa nini. Onyo la miaka miwili lilitolewa, naam, lakini lilitolewa kwa wanaosoma maonyo.

Tukiyaweka mambo haya yote kwenye mizani, twaona kwamba katika kila shauri palikuwa na watu wawili ambao hawakuwapo mezani. Wa kwanza ni mpokeaji aliye mbali, asiye na njia rahisi ya kufika sokoni. Wa pili ni mtunzaji wa kesho, atakayelea chombo baada ya waliokisifu kuondoka. Watungaji wa ALGOL 60 walimsahau wa kwanza, wakatoa lugha iliyo bubu. Waliotia distutils mfukoni hawakumwona wa pili, wakamwachia mzigo wa miaka 23. Uamuzi wa mwaka 2013 ulidumu kwa sababu uliwakumbuka wote wawili: nakala iliwekwa ndani kwa ajili ya yule wa mbali, na uhuru ukaachwa nje kwa ajili ya yule wa kesho.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba pip imemaliza maneno. Ufunguo wa ghala haumfai mtu asiye na barabara ya kufika ghalani. Mwanafunzi aliye na pip lakini hana mtandao atautazama ufunguo wake kama pambo. Kwake yeye kila betri inayoondolewa mfukoni ni hasara halisi, wala haitoshi kumwambia kwamba chombo hicho kinapatikana bure kwenye mtandao. Wanaoamua mambo haya aghalabu hukaa karibu na duka. Mtandao kwao ni kama maji ya bomba. Na mwenye bomba nyumbani huona shida kukumbuka uzito wa mtungi.

Vijana wanaosoma insha hii, wengine wao watakuja kuwa waandishi wa programu, na wengine watakuwa wahandisi, waalimu, au watunza ghala za dawa. Kila mmoja atapata siku ya kuamua nini kifungwe pamoja na nini kiachwe. Siku hiyo ataona watu wawili wakimvuta: mmoja akisema tia kila kitu, mwingine akisema usitie kitu. Asimjibu upesi yeyote kati yao. Aulize kwanza ni nani atakayefungua mfuko huu mahali pasipo na duka, na ni nani atakayeubeba baada ya miaka 20. Akipata majibu ya maswali hayo mawili, atajua betri zipi zitiwe, na zipi ziachwe dukani.